Boila ya kuni: namna ya kuitunza na kuitibu ikigoma

Nikiitwa kwenye nyumba ambayo boila imegoma, sianzi na boila. Naomba nioneshwe kuni. Nazishika, nazipima uzito mkononi, nagonganisha mbili na kusikiliza mlio. Mara nyingi ugonjwa uko hapo, wakati mwenye nyumba ameshaanza kutafuta hela ya pipa jipya.

Mimi ni fundi bomba. Kazi zangu nyingi ziko Njombe mjini na vijiji vya jirani, mara nyingine napanda Makete au nashuka Makambako. Boila ninayoizungumzia ni hii yetu ya pipa: pipa la chuma la lita 200 limelazwa juu ya kuta za matofali ya kuchoma, moto unawaka chini yake, moshi unapita ubavuni mwa pipa na kutokea kwenye dohani kwa nyuma. Maji baridi yanashuka kutoka tangi la juu, maji moto yanakwenda bafuni na jikoni. Nimezikuta kwenye nyumba za zamani za misheni na nyumba za mashamba ya chai, na bado tunazijenga kwenye nyumba za familia na za wageni.

Kupasha lita 200 kutoka nyuzi 12 hadi nyuzi 60 kunataka umeme wa uniti kama 11. Anayenunua LUKU anajua hiyo ni hela gani ikirudiwa kila siku kuanzia Juni hadi Agosti. Kwa kuni kavu, boila iliyojengwa vizuri inafanya kazi hiyo kwa kilo nane au tisa. Ile ile ikiwa na masizi, nyufa na kuni mbichi, itameza mara mbili na maji yatabaki vuguvugu. Kwa hiyo ninapoeleza matunzo naeleza pia miti yako na mgongo wa anayezibeba kuni.

Boila ina njia tatu: njia ya moshi, njia ya maji, na njia ya kupumua. Karibu kila ugonjwa ni mojawapo kuziba, kuvuja au kujengwa vibaya. Ukishazijua hizo huhitaji fundi kwa mambo mengi.

Kuni kwanza

Mti uliokatwa leo, nusu ya uzito wake inaweza kuwa maji. Moto unalazimika kuyachemsha maji hayo yote kabla haujaanza kulipasha pipa lako. Moshi wake unatoka mzito na uliopoa, na ukifika kwenye dohani unaganda ukutani kuwa kama lami nyeusi inayong'aa. Lami hiyo inapunguza njia leo, na kesho inaweza kushika moto.

Baridi yetu kali inaanza Juni, na mvua zinakatika mwishoni mwa Aprili au Mei. Mtu anapasua kuni Mei, anazirundika nje, Juni anaanza kuziwasha na kulalamika. Hesabu hiyo haikubali. Kuni za kipupwe cha mwaka huu zilitakiwa kupasuliwa kiangazi cha mwaka jana. Zipasue zikiwa mbichi, maana gogo zima linakauka polepole sana na mlingoti (mkaratusi) ukishakauka unakataa shoka. Zipange juu ya mawe au mabanzi zisiguse udongo, zifunike juu kwa bati, na pembeni acha wazi upepo upite. Ukizifunga kwa turubai pande zote unazichemsha kwa jasho lake lenyewe.

Kuni iliyoiva ina nyufa kwenye ncha zake, gome linabanduka kwa mkono, na ukigonganisha mbili zinatoa mlio mkali. Mbichi inatoa mdundo butu.

Kwa aina, mimi nasimama na muwati. Mashamba ya kampuni ya TANWAT yalianza kupandwa 1949 kwa ajili ya magome ya kutengenezea ngozi, na leo muwati umejaa kwenye mashamba ya watu. Kuni yake ni nzito, inawaka taratibu na kuacha makaa mazuri. Mlingoti unafuata. Mabanzi ya paini kutoka viwanda vya mbao ni ya bei nafuu na yanafaa sana kuwashia, ila yanawaka kwa fujo na kwisha, na yasipokauka utomvu wake unajaza dohani haraka. Anza na paini, endelea na muwati.

Kuna kitu nakikataza kabisa. Huku Nyanda za Juu Kusini tuna viwanda vinavyotia dawa nguzo za umeme, na vipande vyake vyenye rangi ya kijani vinazagaa. Visiingie kwenye boila yako wala jikoni. Dawa ile ina shaba, kromiamu na arseniki. Ukivichoma, sumu inatoka kwenye moshi na nyingine inabaki kwenye majivu ambayo baadaye utayamwaga bustanini. Mbao zilizopakwa rangi nazo ziache.

Njia ya kupumua

Hapa naomba usome polepole.

Maji yakipata moto yanaongezeka. Lita 200 zikipashwa kutoka baridi hadi karibu na kuchemka zinaongezeka kama lita 7, na hizo lazima zipate pa kwenda. Maji yakigeuka mvuke ndiyo hatari yenyewe: mvuke unachukua nafasi zaidi ya mara 1,600 ya maji yaliyouzaa. Pipa la bati jembamba haliwezi kuuzuia. Tena kwenye mwinuko huu wetu wa karibu mita 2,000 maji yanachemka kwenye nyuzi kama 93, kwa hiyo boila ya Njombe inafika kwenye mvuke mapema kuliko ingekuwa Dar es Salaam.

Ndiyo maana juu ya mgongo wa pipa kuna bomba la kupumulia. Linapanda moja kwa moja hadi juu kuliko maji ya tangi, mdomo wake uko wazi angani. Halina koki, halina kizibo, halina kona ya kushuka na kupanda tena. Nikikuta koki kwenye bomba hilo naing'oa kabla sijauliza aliyeiweka.

Watu wanalifunga kwa nia njema. Wameona linadondosha matone, wanadhani linapoteza maji. Wengine wanaona nyigu wanaingia, wanachomeka gunzi la mahindi. Gunzi hilo linatosha kuligeuza pipa kuwa bomu lililojengewa ukutani mwa bafu. Kama tatizo ni nyigu, pinda mdomo wa bomba uangalie chini, basi.

Matone yana sababu zake na zote zinatibika. Kama yanatoka hata boila ikiwa baridi, panda kwenye tangi: boya limekwama na maji yamepanda kupita kiasi, au bomba lenyewe ni fupi na linatakiwa liongezwe angalau kama sentimita 30 juu ya maji ya tangi. Kama linatema maji moto kwa vishindo, moto ni mkubwa kuliko kazi. Punguza kuni, fungua maji moto bafuni yatoke, na yale baridi yataingia kuchukua nafasi.

Kila wiki, boila ikiwa imekolea, nenda ukaangalie mdomo wa bomba hilo. Unatakiwa kuona mvuke mwembamba au kuhisi joto. Kimya kabisa, bila joto lolote, wakati pipa linanguruma, ni dalili mbaya: toa kuni kwenye moto, fungua maji moto yote ndani ya nyumba, na usiwashe tena mpaka umelipitisha waya bomba lote. Wenzetu wa Makete na kando ya Kitulo, ambako barafu inashika usiku, lifungeni bomba hilo kwa magunia pale linapopita nje, kwa sababu maji yaliyosimama ndani yake yanaweza kuganda na kuwa kizibo.

Maji yakikatika

Kabla ya kuwasha, angalia tangi. Iwe desturi kama kuangalia mafuta kabla ya safari. Maji yakikatika mtaani boila haikauki papo hapo, kwa sababu bomba la maji moto linatokea juu ya pipa na maji hayashuki bila kusukumwa na mengine. Ila ikiendelea kuchemka bila kuongezewa, kina kinapungua. Na kama fundi aliunganisha bomba la baridi la boila na bomba linaloshuka kwenda koki za uwanjani, mtu akifungua koki ya chini wakati tangi ni tupu, pipa linanyonywa.

Ukigundua pipa ni tupu na moto unawaka, jambo la kwanza ni kuuondoa moto. Uvute nje kwa jembe, uzime mbali na nyumba. Usifungue maji baridi. Maji yakigusa chuma kilichoiva yanageuka mvuke kwa mara moja, na maungio yanafumuka. Acha pipa lipoe hadi uweze kuweka kiganja, ndipo ujaze.

Boila inapougua

Moshi kurudi mlangoni ndiyo lalamiko ninalolisikia zaidi. Kama unarudi dakika za mwanzo tu halafu unaacha, dohani ni ya baridi na hewa iliyo ndani yake imelala. Choma magunzi makavu au karatasi kwenye kidirisha kilicho chini ya dohani kabla ya kuwasha moto mkubwa. Hewa ikipata joto inapanda na kuvuta nyingine. Kama unarudi wakati wote, panda juu. Nimetoa viota vya ndege, nimetoa tofali lililoanguka ndani. Kama njia ni safi na bado moshi unarudi siku za upepo, dohani ni fupi: mdomo wake unatakiwa kuwa juu angalau sentimita 60 kuliko chochote kilicho ndani ya mita 3 kutoka hapo, pamoja na kipaa cha nyumba yako mwenyewe.

Moto unaofifia wakati kuni ni kavu unakosa hewa kwa chini. Majivu yamejaa mpaka yamegusa nondo zinazobeba kuni. Yatoe, acha nafasi ya kiganja kizima. Kinyume chake pia ni ugonjwa: moto unaunguruma, kuni zinakwisha, maji ni vuguvugu. Hapo joto linakimbilia dohani. Punguza uwazi wa mlango wa majivu, kisha tafuta nyufa. Usiku, washa tochi upande wa ndani na mwenzako aangalie kwa nje. Mwanga unapopenya ndipo hewa inapopenya.

Nyufa hizo usizibe kwa saruji tupu. Saruji inapoteza nguvu kwenye moto mkali, baada ya mwezi mmoja au miwili inadondoka vipande. Tumia udongo wa kichuguu, uchekeche, uchanganye na mchanga, ukande mpaka uwe laini. Lowanisha tofali kwanza ili lisinyonye maji ya udongo. Saruji ibaki kwa nje, ambako mvua inapiga na moto haufiki.

Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni alinipigia: "Fundi, njoo haraka, pipa limetoboka, linalia chii motoni." Nikafika, matone kweli yanadondoka. Nikamwambia, "Mama, tuongeze kuni kavu tusubiri kidogo." Pipa lilipopata joto matone yakakoma. Pipa baridi lililojaa maji ya usiku linatoa jasho moto unapowashwa, kwa kuwa unyevu uliomo kwenye moshi unagandia chuma. Jasho linakoma maji yakipata moto. Tundu la kweli halikomi, na asubuhi unakuta majivu yamelowa ingawa hakuna aliyewasha. Huo ndiyo mpaka wa jasho na tundu.

Maji moto kutotoka bafuni wakati yale baridi yanatoka vizuri: hewa imenasa. Inatokea sana tangi likiwa limekauka na kujazwa upya. Chukua kipande cha mpira, unganisha koki ya baridi na ya moto hapo bafuni, fungua zote mbili kwa muda mfupi ili baridi isukume hewa irudi hadi kwenye bomba la kupumulia. Hii inafaa kama maji ya baridi yana msukumo mkubwa kuliko ya boila. Ikijirudia kila wiki, bomba lako lina nundu mahali fulani kwenye dari. Linatakiwa kupanda au kushuka kwa mteremko mmoja. Na hakikisha kutoka kwenye pipa limeanza bomba la chuma, ndipo baadaye lije la PPR, plastiki inayovumilia maji moto. La PVC la maji baridi litalegea na kuinama, na hapo ndipo nundu zinapozaliwa.

Maungio ya nyuzi yakitoa machozi, usikimbilie kukaza. Zima, acha lipoe, fungua, safisha nyuzi kwa brashi, funga katani au tepe mpya, kaza tena. Kukaza chuma cha moto kilicholiwa na kutu ndiyo kukivunja.

Masizi

Masizi yanazuia joto. Tabaka jembamba tu chini ya pipa na unachoma kuni za bure. Kila baada ya wiki mbili katika kipupwe, boila ikiwa imepoa kabisa, ingiza kipande cha bati kilichopindwa ukakwangue tumbo la pipa na ubavu wake. Funga kitambaa puani.

Dohani nasafisha kabla ya baridi kuanza na tena katikati ya msimu. Brashi ya waya, kamba, na kipande cha nondo cha kuivuta chini. Unapandisha na kushusha kutoka juu, mwenzako ameshika ngazi. Pima tabaka kwa kucha: likifika milimita 3, usingoje. Kama ni lami inayong'aa badala ya unga mweusi, rudi kwenye kuni zako, maana ukiisafisha bila kubadili kuni itarudi.

Dohani ikishika moto utajua, inaunguruma kwa sauti ambayo hujawahi kuisikia na cheche zinaruka juu ya bati. Funga mlango wa kuni na wa majivu ili moto ukose hewa, toa watu ndani, ita msaada. Usimwage maji ndani ya dohani. Matofali yatapasuka na moto utatokea kwenye dari. Ukizimika, isiwashwe tena mpaka imekaguliwa yote.

Majivu yatoke kwa ndoo ya chuma yenye kifuniko, yakae nje mbali na ukuta. Kaa lililofunikwa na majivu linaweza kuwa hai siku kadhaa. Yakipoa ni mali: yafaa chooni, yafaa kwenye mahindi na mboga. Usiyapeleke kwenye viazi mviringo, maana yanapunguza uchachu wa udongo na viazi vinapata ukurutu. Wala kwenye chai, ambayo inautaka uchachu huo.

Watu ndani ya nyumba

Boila ijengwe nje, ukutani mwa bafu, kamwe isiwe ndani ya bafu wala chumba cha kulala. Moto usiopata hewa unatoa gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi. Kichwa kinauma, unapata kizunguzungu, kichefuchefu, na aliyelala haamki. Kila kipupwe tunasikia habari za watu walioingiza jiko la mkaa chumbani kutafuta joto. Mwenye boila asiyachukue makaa yake na kuyaingiza ndani. Ajaze maji moto kwenye chupa, aifunge kwenye kitambaa, aiweke kitandani.

Maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi kwa sekunde chache. Ukimwogesha mtoto, baridi iingie kwanza kwenye beseni, kisha moto, kisha kiwiko chako.

Pipa lenyewe

Maji yetu ya milimani kwa kawaida ni laini, hayaachi ukoko mweupe kama ya Dodoma. Adui wetu ni kutu, nayo inaanzia chini, kwenye tope lililotulia. Fungua koki ya kutolea uchafu kila mwezi, na kila wiki wakati wa mvua, mpaka maji yatoke meupe. Boila ikipumzika, iache imejaa. Pipa la nusu lina hewa, na hewa pamoja na unyevu ndiyo kutu. Kwa nje ondoa majivu yote, maana majivu yaliyolowa yanakula chuma.

Maji ya kahawia asubuhi moja baada ya safari ndefu ni kawaida. Yakiwa ya kahawia kila siku, pipa limekonda. Gonga tumbo lake kwa mpini wa bisibisi: penye chuma kizima panalia, palipoliwa panabonyea. Kiraka cha kuchomelea kwenye bati lililokonda hakidumu, mchomeleaji anatoboa zaidi ya anapoziba. Badilisha.

Unaponunua pipa, uliza lilibeba nini. Lililobeba dawa za mashamba likatae hata likitolewa bure. Lililobeba mafuta lioshwe kwa maji moto na sabuni mara nyingi, na kabla ya kulikata au kulichomelea lijazwe maji hadi karibu na mahali pa kazi, kwa sababu mvuke wa mafuta uliobaki unalipuka kwa cheche moja. Ukilijengea, acha nafasi ya vidole vitatu au vinne kati ya pipa na matofali ya ubavuni ili moshi upite ukilikumbatia. Udongo mpya ukae siku kadhaa ukauke kivulini, kisha washa moto mdogo wa mabanzi, siku ya pili mkubwa kidogo, siku ya tatu weka muwati.